Mwalimu wa Muziki Anapopata Mtoto: Pumzi, Maziwa na Saa za Jioni

Mama mjamzito anapoanza kliniki huulizwa kazi yake. Akijibu kuwa ni mwalimu, jibu huandikwa na mazungumzo huhamia kwenye shinikizo la damu, uzito na tarehe ya hedhi ya mwisho. Kwa mwalimu wa jiografia huenda neno hilo moja likatosha. Kwa mwalimu wa muziki halitoshi, kwa sababu chombo chake cha kufundishia ni mwili uleule uliobeba mimba: pumzi inayotegemea misuli ya tumbo, sauti inayoguswa na homoni, vidole na vifundo vya mikono, masikio, na uwezo wa kukaa makini mbele ya wanafunzi katika saa ambazo watu wengine wamekwisha kurudi majumbani. Makala haya yanaeleza yanayotokea katika mwili huo baada ya kujifungua, namna ratiba ya kufundisha muziki inavyogongana na ratiba ya mtoto mchanga, na mambo ambayo mhudumu wa afya na mzazi wanaweza kuyapanga mapema.

Kazi yenyewe haina sura moja. Yupo mwalimu aliyeajiriwa na chuo, kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichopo Zanzibar, au na shule ya msingi ama ya sekondari. Yupo anayezunguka nyumba kwa nyumba akifundisha kinanda na gitaa, naye hulipwa kwa kipindi. Yupo pia mwalimu wa kwaya ya usharika au parokia, ambaye hupata posho ndogo au hapati chochote, lakini kwaya nzima humtegemea. Wengi wao wanafanana kwa jambo moja ambalo mtaalamu wa afya hana budi kulijua: wanaipenda kazi yao. Upendo huo ni kinga nzuri dhidi ya kuchoka moyo, lakini ndio pia unaowarudisha kazini mapema mno. Asiyeipenda kazi hutafuta cheti cha kuongezewa mapumziko. Mwalimu wa kwaya, katika wiki ya tatu, huomba ruhusa ya kwenda mazoezini “kusikiliza tu”, na kila anayezijua kwaya anajua kwamba hakuna mwalimu anayesikiliza tu.

Kilio cha jioni

Mtoto mchanga mwenye afya njema halii kwa kiwango kilekile kila wiki. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za kilio zilizoandikwa na wazazi, zikionyesha kwamba kilio huongezeka katika wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu. Kilio hicho pia huelemea saa za alasiri na jioni. Watafiti waliofuata waliliona umbo hilohilo hata kwa Wasani wa Kalahari, ambao huwabeba watoto karibu mchana kutwa na kuwanyonyesha mara nyingi sana. Tofauti ni kwamba kwao kila kilio kilikuwa kifupi zaidi. Kwa hiyo kilele cha wiki ya sita si dalili ya malezi mabaya wala ya maziwa haba. Ni hatua ya ukuaji, na kwa watoto wengi huwa imetulia kufikia mwezi wa tatu au wa nne.

Sasa tuitazame ratiba ya mwalimu. Vipindi vya binafsi huanza saa kumi alasiri, wanafunzi wanapotoka shule. Mazoezi ya kwaya huanza saa kumi na moja jioni na kuishia saa moja au saa mbili usiku. Hizo ndizo saa za kilio. Mwalimu aliyeajiriwa, akichukua likizo yake yote baada ya kujifungua, hurudi karibu na wiki ya kumi na mbili, wakati kilio kinashuka. Anayelipwa kwa kipindi hurudi wiki ya nne au ya tano kwa sababu kila wiki asiyofundisha ni wiki isiyo na kipato, na hapo huingia moja kwa moja kwenye kilele.

Kinachofuata ni mlolongo ambao wahudumu wa kliniki huukuta ukiwa umekwisha kukamilika. Mama anatoka kufundisha saa mbili usiku na kumkuta mtoto akilia mikononi mwa bibi. Anamnyonyesha, mtoto anatulia kidogo, kisha analia tena. Mama anahitimisha kwamba kazi imekausha maziwa. Bibi, kwa nia njema, anapendekeza uji mwepesi au maziwa ya ng’ombe. Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, titi lisilonyonywa hutengeneza kidogo, na baada ya wiki mbili hofu ya mama imekuwa kweli. Unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee, ambao Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa miezi sita ya mwanzo, umekoma kwa sababu ya kilio ambacho kingetokea hata kama mama asingetoka nyumbani.

Mlolongo huu unaweza kukatwa kwa maelezo ya dakika tano yanayotolewa kabla ya kujifungua, bibi na baba wakiwepo. Mwalimu ahesabu kwenye kalenda yake wiki ya tano hadi ya tisa baada ya tarehe ya matazamio, na wiki hizo asiziwekee vipindi vya jioni. Wanafunzi watu wazima wahamishiwe asubuhi, watoto wahamishiwe Jumamosi, na kwaya ikabidhiwe kwa msaidizi aliyeandaliwa tangu mimba ikiwa na miezi sita. Mwalimu wa kwaya asiyekuwa na msaidizi ana tatizo hata kabla ya kushika mimba, lakini huo ni mjadala mwingine.

Hata hivyo, si kila kilio ni cha kawaida. Mtoto mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayekataa kunyonya, anayelegea, anayetapika matapishi ya kijani, au anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Na mlezi yeyote aliyezidiwa na kilio amlaze mtoto mahali salama, chali, kisha atoke nje kwa dakika chache. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya fuvu lake.

Likizo na jinsi inavyohesabiwa

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, na siku huhesabiwa tangu inapoanza. Mwalimu aliyeianza mapema, ili apumzike baada ya tamasha la mwisho wa muhula, huweza kujikuta anatakiwa darasani mtoto akiwa na wiki nane tu. Sheria hiyo pia inamruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Baba ana siku tatu. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na nchini Kenya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Walimu wanaojiajiri, ambao katika fani hii si wachache, hawamo katika mpangilio huo. Kwao likizo ni akiba waliyoiweka wenyewe, na ushauri wa kuanza kuiweka hutakiwa kutolewa katika hudhurio la kwanza la kliniki, si la mwisho.

Maziwa na vipindi

Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyoondolewa maziwa. Mtoto wa wiki chache hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, huwa juu zaidi usiku, ndiyo maana mama anayefundisha mchana anaweza kulinda wingi wa maziwa yake kwa kutoacha kunyonyesha usiku. Homoni nyingine, oksitosini, huyasukuma maziwa yatoke, nayo huitikia hisia na sauti. Si ajabu basi kwa mwalimu kuona nguo yake ikilowa pale mtoto wa mtu mwingine anapolia nyuma ya darasa. Hilo halina madhara. Pedi ya kitambaa safi ndani ya sidiria na kitenge begani vinatosha.

Kwa kazi ya saa mbili hadi tatu, mama amnyonyeshe mtoto kabla tu ya kutoka na mara arudipo. Kwa kazi inayozidi saa hizo, akamue maziwa kila baada ya saa tatu hivi, kwa mkono ulionawiwa kwa sabuni au kwa pampu safi. Siku za mashindano na za kurekodi ndizo hatari zaidi, kwa sababu saa sita hupita bila mtu kuzihesabu. Titi lililojaa kwa muda mrefu huuma, huwa gumu, na linaweza kuingia uambukizo wenye homa. Mama mwenye titi jekundu na homa aendelee kunyonyesha huku akienda kutibiwa. Kuacha ghafla huongeza hatari ya kupata jipu.

Maziwa yaliyokamuliwa hudumu hadi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne katika jokofu. Chumba cha mazoezi cha Tanga au Dar es Salaam mwezi Februari hakina nyuzi 25, hivyo chupa iwekwe ndani ya kiboksi chenye barafu tangu dakika ya kwanza. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, na mazoezi ya kukamua na kunywesha yaanze wiki mbili kabla ya mama kurudi kazini. Kuanza siku ileile ya kurudi huishia kwa mama, bibi na mtoto kulia wote watatu.

Jambo moja husahaulika hata na wahudumu wazoefu. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango cha kutegemewa endapo masharti matatu yametimia: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, bila pengo la zaidi ya saa nne mchana au saa sita usiku. Mwalimu anayekaa kazini saa tano mfululizo hana tena kinga hiyo, hata kama maziwa anayoyaacha nyumbani ni yake. Siku anayopanga kurudi kazini ndiyo siku ya kuwa amekwisha kuchagua njia nyingine ya uzazi wa mpango. Zipo kadhaa zisizopunguza maziwa, zikiwemo kitanzi na vipandikizi.

Mkono unaombeba mtoto na unaopiga gitaa

Mzazi humwinua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa, vidole gumba vikiwa vimetanuliwa juu na vifundo vya mikono vimepinda. Akimnyonyesha, hukiegemeza kichwa cha mtoto juu ya kifundo kilichopinda kwa nusu saa. Kano mbili zinazokitanua kidole gumba hupita katika ala nyembamba upande wa mkono ulio karibu na kidole hicho, na kwa msuguano wa namna hiyo ala huvimba na kuzibana. Hali hii iliandikwa na daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895, na hadi leo inabeba jina lake. Huwapata zaidi wanawake, hasa katika miezi baada ya kujifungua.

Kwa mpiga gitaa, fidla, udi au kinanda, kano hizohizo tayari zina kazi nyingine. Mwalimu huanza kuhisi maumivu anapofungua kifuniko cha chupa, kisha anaponyoosha kidole gumba kufikia noti ya mbali, kisha hata anapolala. Mhudumu anaweza kulitambua tatizo hili bila mashine: mgonjwa akunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe ngumi hiyo kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali juu ya mfupa, chini kidogo ya kidole gumba, huashiria hali hii.

Matibabu huanza kwa kubadili namna ya kumbeba mtoto. Kiganja kimoja kiwe chini ya makalio na kingine nyuma ya mabega, viganja vikitazama juu na vifundo vikiwa vimenyooka, na mto uwekwe mapajani wakati wa kunyonyesha ili uzito usiwe wa mkono. Bandeji ngumu inayokishikilia kidole gumba ivaliwe usiku na wakati wa kazi za nyumbani. Ibuprofeni inaweza kutumika na anayenyonyesha, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au mzio wa dawa hiyo. Maumivu yakiendelea, sindano ya dawa jamii ya steroidi kwenye ala husaidia wengi, na ni wachache wanaofikia upasuaji. Katika kipindi hicho mwalimu afundishe kwa mdomo na kwa kuimba, akimwachia mwanafunzi hodari apige mfano. Huenda darasa likanufaika kuliko anavyotarajia, maana walimu wengi wa ala hupiga sana na kusikiliza kidogo.

Pumzi, sauti na masikio

Mwimbaji hutawala pumzi kwa misuli ya tumbo, ya mgongo na ya sakafu ya nyonga. Mimba huinyoosha yote, na kuzaa kwa njia ya kawaida huijeruhi ile ya nyonga. Kwa wanawake wengi misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katikati na huchukua wiki au miezi kukaribiana. Aliyefanyiwa upasuaji ana kidonda kinachohitaji takriban wiki sita za kupona kabla ya mkazo mkubwa. Anayepiga tarumbeta hubana hewa kwa nguvu zaidi kuliko mwimbaji, hivyo huhitaji subira zaidi. Waalimu wa bendi za makanisa ya Moshi na Arusha waulizwe swali hili kwa jina la ala yenyewe.

Kurudi kwa ngazi husaidia. Katika wiki za mwanzo inatosha kukaza na kulegeza misuli ya nyonga mara kadhaa kwa siku, kama mtu anayezuia mkojo, pamoja na kupumua kwa kina na kuvuma kwa sauti ya chini. Nyimbo nyepesi hufuata, na sauti kubwa za juu huja mwisho. Kuvuja mkojo wakati wa kuimba au kupuliza ni ishara kwamba ngazi imerukwa. Wanawake wengi huona haya kulisema na hulichukulia kuwa ni gharama ya uzazi, lakini mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo huliponya au kulipunguza kwa wengi. Likidumu kupita miezi mitatu, mama apewe rufaa.

Baada ya kujifungua estrojeni na projesteroni hushuka ghafla, na baadhi ya waimbaji hugundua kwamba sauti imekauka, imekuwa nzito au inachoka upesi. Usingizi mdogo na kiu ya mama anayenyonyesha huongeza ukavu huo. Anywe maji kila anaponyonyesha, atumie filimbi au kinanda kutoa noti badala ya koo, na asipaze sauti juu ya kelele za darasa. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu ichunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu mtoto anayepelekwa mazoezini, kipimo rahisi kinatosha: kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, hapo pana kelele mno kwa mtoto mchanga. Kwaya isiyotumia spika, akiwa nyuma ya ukumbi, haina tatizo. Bendi ya tarumbeta, seti ya ngoma na spika kubwa ya kanisani si mahali pake, hata akiwa amelala. Kulala hakufungi masikio.

Moyo wa mzazi

Majonzi na machozi ya siku za mwanzo huwapata akina mama wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au mama akipoteza hamu ya vitu alivyovipenda, akajiona hafai au akawaza kujidhuru, huenda hiyo ni sonona, na inatibika. Dodoso la Edinburgh la maswali 10, lililochapishwa mwaka 1987, husaidia kuitambua. Kwa mwalimu wa muziki sonona huweza kujificha, kwa kuwa mbele ya wanafunzi huchangamka kwa mazoea ya kazi. Swali la kumuuliza ni kama bado huimba au kupiga ala akiwa peke yake. Mama anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyechanganyikiwa au anayezungumzia kumdhuru mtoto, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Muziki wenyewe una nafasi katika matibabu. Utafiti uliofanyika London kwa akina mama 134 wenye dalili za sonona, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wenye dalili za wastani hadi kali waliohudhuria vikundi vya kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10 walipata nafuu haraka zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Isidhaniwe kwamba mwalimu tayari anaipata dawa hiyo kazini. Wale mama waliimba na watoto wao mapajani, bila kusahihisha noti ya mtu. Mwalimu anayerudi nyumbani akiwa amechoka kusikia muziki anaweza kujikuta mtoto wake ndiye pekee asiyeimbiwa, na hilo ni jambo la kupangia muda kama kipindi kingine chochote.

Baba naye aulizwe. Akina baba hupata sonona pia, na katika nyumba ambamo baba ndiye mwalimu wa muziki, yeye ndiye asiyekuwepo saa za kilio. Mwajiri akiwa amempa siku tatu tu, kilichobaki ni zamu ya usiku. Mama anyonyeshe kabla ya kulala, na baba arudipo kutoka mazoezini saa mbili usiku ampokee mtoto, amcheulishe, ambadilishe nepi na ambebe hadi saa tano, ili mama apate saa tatu za usingizi mfululizo. Hudhurio la wiki ya sita, ambalo mtoto hupewa chanjo, huangukia kwenye kilele chenyewe cha kilio, kwa hiyo hiyo ndiyo siku inayofaa kuwauliza wazazi wote wawili ni nani anamshika mtoto kati ya saa kumi na saa mbili.